Yupo, Afande

Mvua ilikuwa inapiga mpaka sajenti mwenyewe amekunja shingo, kadeti wote kwenye mstari wameloa kama matambara ya deki, halafu Kicheko amesimama pale mkavu. Mkavu kabisa. Kola imenyooka, buti zinang'aa, hata tone la maji kwenye pua hakuna. Wewe ungekimbia, na mimi nisingekucheka. Sana. Lakini Msumari aliyesimama bega kwa bega naye hakukimbia, kwa sababu alikuwa na jambo jingine la kuogopa. Punde tu alikuwa amedanganya kwenye gwaride.

Ngoja nikuweke sawa, maana kwa kusimulia mimi hamnipati, na sitaki upotee halafu useme kosa ni langu.

Msumari aliitwa Msumari kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyosimama wima, hata akinawa uso. Chuo cha maofisa wa jeshi hakikumtaka mwanzoni. Alikimbia vilima, akapimwa macho, meno na nyayo, akaambiwa avute pumzi, aitoe, akohoe. Kisha akakalishwa mbele ya meza ndefu yenye maofisa watatu wasiocheka. Yule wa katikati akamuuliza, "Rafiki yako akikosea, utadanganya ili kumwokoa?"

"Hapana, afande," akajibu Msumari bila kupepesa.

Jibu safi. Hata hivyo wakamweka akiba. Alikaa nyumbani muda mrefu akiruka kila simu inapolia, mpaka kijana mmoja aliyechaguliwa alipokutwa na tatizo la moyo. Nafasi ikawa wazi, Msumari akaitwa. Mama yake, ambaye ni mfua nguo na mpiga pasi wa mtaa mzima, siku hiyo alirudisha mashati ya watu yakiwa na makunyanzi kwa furaha. Alimwambia hata mpita njia ambaye hakuuliza kitu kwamba mwanawe anakwenda kuwa ofisa. Kwa hiyo elewa hilo moja: nafasi ile Msumari aliishika kama mtu anayevuka barabara na trei la mayai kichwani.

Sasa huko chuoni wana utaratibu wao. Ukiusikia utauona wa kijinga, lakini kwao ndio fahari yao. Jina lako likiitwa kwenye gwaride la jioni, hujibu wewe. Anajibu mwenzako wa kitanda. Vitanda ni vya deka, na wa juu anamjibia wa chini, wa chini anamjibia wa juu.

"Jeshini hakuna mimi," sajenti aliwaambia siku ya kwanza. "Wewe hujui kama upo. Mwenzako ndiye anayejua."

Neno la kujibu ni hilo hilo kila siku: yupo. Ukiruka ukuta wakakukamata, utachimba mashimo na kuyafukia mpaka viganja viote ngozi mpya, lakini utabaki chuoni. Ukisema yupo kumbe hayupo, begi lako linakutangulia getini.

Msumari alilala juu, Kicheko chini. Na Kicheko, jina lake linajieleza. Alicheka kwenye mchakamchaka, alicheka akipigishwa push-apu, aliwahi kucheka mbele ya mkuu wa chuo akaambiwa azunguke uwanja na kitanda chake kichwani, akazunguka huku anacheka. Jioni ile ya mvua alitaka biskuti. Nje ya ukuta kulikuwa na kibanda cha duka, na njia fupi ya kufika ilipita kwenye tangi kuukuu la maji, la zege, ambalo lilikuwa pale kabla ya chuo. Hakuna aliyelitumia. Hata masajenti walipopitisha watu upande ule, waliongeza mwendo bila kusema kwa nini.

"Narudi kabla ya majina, kaka," Kicheko alisema huku anapandisha mguu ukutani. "Nikichelewa, unajua la kusema."

"Sisemi."

"Utasema. Wewe unanipenda, ila unaona aibu."

Akacheka, akarukia upande wa pili. Mvua ikaanza.

Tarumbeta ilipolia, Kicheko hakuwa amerudi. Sajenti alisimama mwisho wa mstari na tochi yake, hakuinua macho kwa sababu ya mvua, akawa anasoma majina haraka haraka ili akaingie ndani. Likaja jina la Kicheko. Upande wa kulia wa Msumari palikuwa na nafasi tupu ya mtu mmoja, mvua inapita katikati yake. Msumari akafikiria wale maofisa watatu na lile jibu lake safi. Akafikiria pia kicheko cha mwenzake.

"Yupo, afande," akasema.

Na alipofumba tu mdomo, bega lake la kulia likaguswa na bega.

Usiku ule alijipa moyo. Amewahi, alijiambia. Amepita nyuma yetu gizani. Kuhusu ukavu, labda alikuwa na koti la mvua akalitupa. Binadamu ukimpa nafasi ya kutoogopa, ataitafutia sababu mpaka ya koti. Akainama kutoka kitanda cha juu, akanong'ona, "Umeninunulia na mimi?"

"Nini?"

"Biskuti."

Sauti ya Kicheko, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, ikasema, "Sikwenda popote. Nilikuwepo. Si wewe uliyesema?"

Hapo Msumari akanusa. Ilikuwa harufu ya maji yaliyolala, ya chini ya pipa lililosahaulika, maji ambayo ukiyachungulia yanakuchungulia. Akavuta shuka puani akasikiliza. Wote mle bwenini walikuwa wanakoroma, wengine kwa fujo ya kuchukiza, ila kitanda cha chini hakikutoa hata pumzi. Msumari akabana pumzi zake asikie vizuri. Alipozibana, chini kukaanza kupumua. Alipoachia, chini kukanyamaza. Kama vile pumzi zilikuwa za mtu mmoja na wanaazimana.

Asubuhi akaanza kumchunguza. Na nikuambie, kumchunguza mtu mnayelala naye, mnayekula naye, mnayeoga naye, ni kazi ngumu kuliko kumchunguza mwizi, kwa sababu mwizi naye anajificha, lakini huyu hakujificha. Alikaa mesini akala kila kitu kwa kasi moja, wali, maharage, hata jani la kiungo lililobaki kwenye mchuzi, akalitafuna likaisha. Alikunja shuka likawa kama limekatwa kwa rula. Alitembea gwaride mkono haukosei. Alipita jua kali uwanjani wenzake wakitiririka, na shingo yake imekauka.

"Mmemwona Kicheko?" sajenti alisema mbele ya wote. "Ameacha utoto. Igeni."

Msumari akamjaribu. Alimpigia ule mzaha wa mpishi aliyeipigia saluti sufuria akidhani ni kofia ya jenerali, mzaha uliowahi kumwangusha Kicheko kitandani mara nyingi. Kitu kile kilimtazama mpaka mwisho. Kisha kikafungua mdomo kikatoa, moja baada ya nyingine, "Ha. Ha. Ha," kikafunga.

Jirani wa kitanda cha pili, kijana mnene waliyemwita Gunia, akamvuta Msumari pembeni kwenye mabomba ya kunawia. "Mwenzako anaumwa?"

"Kwa nini?"

"Jana nilijitazama kwenye kioo pale nikinyoa. Yeye kasimama nyuma yangu. Kioo kikaingia ukungu sehemu yangu tu. Yake ikabaki safi."

"Maji ya moto hayo."

"Maji ya moto hapa? Tangu lini?" Gunia akashusha sauti. "Mimi sisemi kitu. Wewe ndiye unayemjibia."

Hilo ndilo lililomkaa kooni. Kila jioni jina la Kicheko lilipokaribia, Msumari alisikia kitu ng'ambo ya ukuta, upande wa lile tangi. Kilikuwa mbali na kidogo, ungesema ni ndege, ungesema ni mbuzi wa mtu. Wenzake walisema hivyo hivyo. Lakini alipojibu tu "Yupo, afande," sauti ile ilikatika katikati, kama redio iliyochomolewa kwenye umeme. Na bega la kulia likasogea karibu zaidi.

Angeweza kwenda kutazama, utasema. Mchana hawakuruhusiwa kutoka, na jioni yule wa pembeni hakumwacha. Akienda chooni, anamkuta anamsubiri mlangoni. Tena kulikuwa na sababu nyingine, mbaya zaidi, na Msumari aliijua. Akikuta kitu kule, atalazimika kusema. Akisema, anarudi nyumbani, na mama yake atarudia kupita kwenye mitaa ileile aliyoitangazia.

Siku ya wageni ikafika. Mama yake Kicheko alikuja na mfuko wa soksi alizofuma mwenyewe na kicheko kama cha mwanawe, ukajua mara moja kilitoka kiwanda gani. Walimkalisha kwenye benchi la uwanjani, mchana kweupe, familia za watu zimejaa zinapiga picha. Kile kitu kikamwendea, kikasimama wima, kikampigia saluti.

"Karibu, mama," kikasema.

Yule mama hakuinuka. Alikitazama viatu, akapanda mpaka kofia, akashuka tena. Akakipa soksi, kikazipokea kwa mikono miwili, kikashukuru vizuri sana. Kisha akasema ana kiu, kimletee maji. Kilipogeuka tu, akamshika Msumari kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Shikamoo, mama," Msumari alisema.

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

"Si huyo aliyekwenda..."

"Mwanangu tangu ajue kuongea ananiita bosi. Akinikuta nimekaa ananikalia mapajani na lijitu lile zima, watu wacheke. Huyo kanipigia saluti." Alinong'ona bila kusogeza midomo, akitabasamu kwa ajili ya watu. "Kwetu jina la mtu likiitwa jioni na mwenyewe hayupo, tunakaa kimya. Unamwachia mwenyewe nafasi yake. Nani alimjibia mwanangu?"

Msumari akaangalia chini.

"Aha," yule mama akasema. Hakumtukana, na afadhali angemtukana. "Basi sikiliza. Mtu aliyesemwa yupo, nani atakwenda kumtafuta? Mlango uliufungua kwa mdomo, utaufunga kwa mdomo, mbele ya walewale uliowaambia. Mimi nikipiga kelele hapa watasema mama kachanganyikiwa. Wewe ndiye unayejibu."

"Watanifukuza, mama."

"Najua," akasema. Kitu kile kilikuwa kinarudi na bilauri, maji yamejaa mpaka ukingoni, hayatikisiki hata kidogo. "Asante, afande," akakiambia, akayashika maji yale wala hakuyanywa.

Jioni ile haikuwa na mvua. Anga lilikuwa jekundu, mstari umenyooka, wageni wachache bado wako getini, na mama yake Kicheko miongoni mwao kakumbatia pochi. Sajenti akaanza majina. Msumari akasikia ile sauti ng'ambo ya ukuta, na safari hii haikuwa ndege wala mbuzi, kwa sababu sasa alikuwa anakubali kuisikia.

Likaitwa jina la Kicheko.

"Sema," kilimwambia kitu kile kwa sauti ya chini, midomo imefumba.

Msumari akanyamaza. Sajenti akarudia jina, na ile harufu ya maji yaliyolala ikapanda kutoka ardhini kama vile uwanja wote ulikuwa mfuniko, na bega la kulia likaanza kumsukuma, kwanza kama mtu kwenye foleni, kisha kama ng'ombe, kisha kama ukuta unaoangukia upande wake polepole, na mkono mkavu ukaingia kwenye mkono wake ukavikunja vidole vyake kimoja kimoja, na akamwona mama yake amesimama na pasi mkononi akimtangazia mpita njia, akaona meza ndefu na maofisa watatu, akaona begi lake getini, na akajua kwamba akisema neno moja lile dogo alilozoea yote haya yatanyamaza, atalala, ataamka, atakuwa ofisa, na ng'ambo ya ukuta mtu atazidi kuita mpaka siku atakapoacha.

"Hayupo, afande."

Sajenti akainua tochi. "Unasema nini wewe? Huyu hapa nani?"

"Sijui, afande. Kicheko hayupo. Hayupo tangu siku ya mvua. Nilidanganya."

Kitu kile kikacheka. Mara hii kilicheka sawasawa, kicheko chenyewe cha Kicheko, cha tumboni, mpaka watu wawili watatu kwenye mstari wakaanza kutabasamu kwa mazoea kabla hawajashtuka. Kikamwegemea Msumari sikioni. "Na wewe," kikasema, "nani atakujibia?"

Kisha gwanda likashuka. Liliporomoka kama nguo iliyoponyoka kwenye kamba, likatua juu ya buti, na ndani yake mlikuwa na maji meusi yaliyotoweka mchangani hata sajenti hajapata tusi la kutumia. Soksi mpya zilikuwa ndani ya buti, kavu.

Kicheko walimtoa kwenye tangi, alimotumbukia akirudi dukani na biskuti zake. Mguu umevunjika, midomo imepasuka, amebakiza ngozi na macho. Mvua ilimpa maji na biskuti zilimpa uhai. Alipopandishwa kwenye machela alimvuta Msumari kola.

"Nilikuwa nawasikia," akanong'ona. "Kila jioni. Naita, naita. Ukisema yupo, sauti inanitoka. Nafungua mdomo hamna kitu. Mpaka kesho yake."

Msumari akalia, Kicheko akamwambia asilie, ataharibu jina. Halafu gari la wagonjwa likaondoka.

Mkuu wa chuo hakuuliza habari za maji meusi. Wakubwa hawapendi kuuliza wasichoweza kukiandika. Aliuliza kitu kimoja tu: ulisema yupo ukijua hayupo? Msumari akasema ndiyo. Begi likamtangulia getini, vilevile kama walivyoahidiwa.

Nyumbani mama yake hakumgombeza. Alimpa chakula, akamtandikia, akafunga pazia la dirisha la mbele. Asubuhi jirani alipobisha kuchukua mashati yake na kuuliza habari za ofisa, Msumari akamsikia mama yake akijibu kwa furaha ileile ya siku zote, "Yuko chuoni, anaendelea vizuri." Akamjibu hivyo muuza mkaa. Akawajibu hivyo na wa kanisani na wa msikitini. Msumari akakaa chumba cha nyuma, hatoki, anakohoa kwenye mto.

Siku zikaenda hivyo, mpaka jioni moja simu yake ikaita. Alikuwa Kicheko, ananong'ona.

"Msumari. Uko wapi?"

"Nyumbani. Mama anapiga pasi."

"Una uhakika?"

"Swali gani hilo? Wewe umetoka hospitali?"

"Nimerudi bwenini na magongo. Kaka, kitanda cha juu yangu kuna mtu. Wanasema ni wewe. Sajenti anasema ulirudi getini kesho yake asubuhi na begi lako, ukapiga magoti, mkuu akakuhurumia akakupokea tena. Buti zako zinang'aa. Umekuwa mfano wa kuigwa."

Msumari akahisi ile harufu, ingawa chumbani mlinukia sabuni tu. "Usinijibie. Umesikia? Likiitwa jina langu, sema hayupo."

"Jana nilijifanya nimepaliwa, wakaniruka. Leo sajenti kaapa. Nina onyo la mwisho la ule ukuta. Na mtu amesimama pale, wote wanamwona. Nikisema hayupo watasema tangi limenipanda kichwani, watanirudisha nyumbani."

"Mimi nilisema, Kicheko. Ulikuwa unakufa, nikasema."

"Najua, kaka. Najua. Na bosi wangu ameshashona nguo ya sherehe." Kwa mbali tarumbeta ikalia. "Wanaita. Sikati, naweka simu mfukoni."

Msumari akabana simu sikioni mpaka sikio likauma. Alisikia magongo yakigonga sakafu, kisha changarawe, kisha kikohozi cha Gunia. Majina yakaanza. Yupo, afande. Yupo, afande. Kisha jina lake. Kimya kikawa kirefu, na ndani ya kimya kile akamsikia mtu karibu kabisa na ile simu, akiongea kwa sauti yake yeye Msumari, kama mtu aliyefumba midomo, "Sema."

"Kicheko," Msumari akasema. "Kicheko, mimi niko hapa."

"Yupo, afande," Kicheko akajibu. Hakucheka.

Chumba cha mbele mama yake aliinua pasi. "Mwanangu, unaongea na nani huko?"

Msumari akafungua mdomo.

"Mwanangu? Upo?"

Akaufungua zaidi, mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akapiga ukuta kwa ngumi, na ngumi haikutoa mlio. Mama yake akasubiri, shingo ameielekeza mlango wa nyuma. Kisha akatabasamu, akatikisa kichwa kama mtu aliyejikuta anaongea peke yake.

"Ah, na mimi nazeeka," akasema. "Si yuko chuoni."

Akarudisha pasi juu ya shati la mtu, akaendelea.